Bodi za jipsam zilizobomolewa: si sumu, lakini usizichome wala kuzitumbukiza chooni

"Tunaishi Donholm. Mvua ya mwezi wa nne iliingia kwa paa, dari ya jipsam ya sebule na ya vyumba viwili ikashuka. Paa tumeshaziba, fundi amebomoa dari yote na ameshaweka mpya sebuleni, vyumba bado. Sasa nyuma ya nyumba niko na rundo la kama bodi 30, nyingi zimepakwa rangi na zingine zimeshika ukungu, halafu kuna vipande visafi vya zile mpya. Watu wa taka wa kila wiki wamekataa kubeba. Fundi anasema tuchome ama tutumbukize kwenye shimo la choo la zamani ambalo hatutumii tena. Mama yangu yuko Limuru, anasema nimpelekee aweke shambani, ati ni kama chokaa. Jirani naye ameniambia hiyo ni asbesto na watoto wangu wawili watapata kansa. Ni nani anasema ukweli, na mimi nifanye nini?"

Pole kwa dari, dada. Naona kinachokusumbua ni vitu viwili, kama hilo rundo linaweza kudhuru watoto, na litaenda wapi bila kukuletea shida na majirani ama na kanjo, askari wa kaunti. Nitakujibu yote lakini wacha nitoe hofu ya jirani kwanza, juu hiyo ndiyo inakunyima usingizi.

Jipsam si asbesto. Chukua kipande kilichovunjika uangalie pembeni, katikati utaona unga mweupe ulioshikana ambao ukiukwaruza na ukucha unamomonyoka, na huo unga umebanwa na karatasi nene pande zote mbili. Hiyo ni jipsam. Shiti la asbesto ni la kijivu, gumu kama simiti, halina karatasi mahali popote, na hapa Nairobi watu wengi wanalijua kama yale mabati ya mawimbi ya kijivu kwenye paa za esteti za zamani, ingawa kulikuwa pia na mashiti bapa ya kuweka darini. Ukikuta kwenye rundo lako kitu cha namna hiyo, usikivunje na usikifagie, wacha kikae hapo, ufunike, halafu uwapigie NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, wakuelekeze kwa mtu mwenye leseni ya kubeba asbesto, maana hiyo ni taka ya hatari na haibebwi na kila mtu mwenye pikapu. Na kwa asbesto jicho peke yake halitoshi kuthibitisha, inapimwa maabara. Lakini bodi zenye karatasi pande mbili zilizoshuka kwa mvua, hizo ni jipsam, zisikutie hofu ya asbesto.

Si kusema vumbi lake ni la kucheza nalo. Vumbi la jipsam linakereketa macho na koo, na lile la kusugua filla, ile ya kuziba maungio ya bodi, ni baya zaidi juu filla zingine huwa na chembe za silika, vumbi la mchanga linaloumiza mapafu. Ukungu nao ndio ningeuchukulia kwa uzito kuliko yote kwa sasa, karatasi iliyolowa ni chakula kitamu cha kuvu, na mtoto mwenye pumu anaweza kuanza kukohoa usiku usijue ni nini. Kwa hivyo watoto wasicheze kwenye hilo rundo, na anayelihamisha avae ile maski ngumu ya N95, si kitambaa, avae na glavu. Bodi zenye ukungu ziingie kwenye magunia yafungwe juu. Kabla ya kufagia nyunyiza maji kidogo tu, ya kulaza vumbi, usimwage ndoo nzima.

Sasa kwa nini nasema usimwage ndoo? Hapa ndipo kuna mambo ambayo fundi wengi hawajui, na nitakaa hapo kidogo.

Jipsam ni madini ya jasi, yaani kalsiamu, sulfa na maji yaliyofungiwa ndani ya mawe yenyewe. Kwa uzito, karibu asilimia 21 ni maji. Bodi ya dari ya futi 4 kwa 8, ile ya milimita 9, ina uzito wa karibu kilo 20, kwa hivyo hata ikiwa imekauka kabisa na ukiishika mkononi husikii unyevu wowote, ndani yake kuna kama lita 4 za maji. Ndiyo sababu inawekwa kwa majengo kuzuia moto, moto ukifika unapoteza nguvu kwanza kwa kuyafukuza hayo maji yawe mvuke. Ikiwa kavu na iko kwa hewa, jipsam imetulia, inaweza kukaa kwa stoo miaka na miaka isimdhuru mtu.

Shida inaanza pale vitu vitatu vinapokutana, maji, uchafu unaooza, na kukosa hewa. Kwenye matope na shimo kuna bakteria ambao hawatumii oksijeni kama sisi, badala yake wanatumia salfeti, na salfeti ndiyo hiyo jipsam ikishayeyuka kidogo kwa maji. Wanakula uchafu, wanapumulia salfeti, halafu wanachotoa ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ile ya kunuka yai viza. Ukitaka kuiona kazi yao usiende mbali, inua ile bodi ya chini kabisa ya rundo lako kama imekuwa ikikaa kwenye matope pamoja na maganda na majani, kuna uwezekano utakuta upande wa chini umegeuka mweusi, unateleza, na harufu yenyewe inakupiga. Huo weusi ni sulfa imekutana na chuma cha udongo.

Nyuma ya nyumba pakiwa wazi gesi hiyo inapeperuka na inabaki kuwa kero tu. Lakini ukiweka kwenye shimo ni maneno mengine kabisa, na hapo nafika kwa ushauri wa fundi wako.

Hilo shimo la choo, dada, tafadhali hapana. Hata kama hamlitumii, chini bado kuna kinyesi cha zamani na unyevu, juu kuna slabu imefunika, hewa haingii. Yaani ni kama fundi amewajengea hao bakteria nyumba ya kifahari na anataka kuwaletea chakula kwa lori. Bodi moja tu ya kilo 20, kama sulfa yake yote ingegeuzwa, ingetoa kilo 3 hadi 4 za hiyo gesi. Haitageuka yote, na haitageuka kwa siku moja, lakini wewe unazungumzia bodi 30. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia chini shimoni inangoja. Ubaya wake mkubwa ni kwamba pua inakudanganya, ikiwa kidogo sana unaisikia hata kabla haijafika sehemu moja kwa milioni, lakini ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, unadhani harufu imeisha kumbe imeongezeka. Ikipita 500 mtu anaweza kuanguka na kufa kwa muda mfupi. Siku moja mtu atafungua hilo shimo, pengine ni kijana wa eksosta, lile gari la kunyonya vyoo, pengine ni mpangaji mwingine anataka kujenga hapo, hana habari kulitumbukizwa nini. Tumeshasikia mara nyingi mtu ameingia kwa shimo akaanguka, wa pili akaingia kumwokoa naye akabaki. Sitaki shimo lako liongeze kwa hizo habari.

Na kama fundi atakuambia basi tuzijaze bodi chini ya simiti ya veranda kama kifusi, hapana pia. Salfeti ikipata maji inaingia kwenye zege inachanganyika na simiti, inatengeneza chembe zinazovimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Isitoshe jipsam inayeyuka, lita moja ya maji inabeba gramu 2 na kidogo, polepole chini ya veranda kunabaki pengo. Kifusi cha mawe na matofali sawa, jipsam itoe kando.

Kuchoma nako hakuna faida. Jipsam haiungui, utabaki na rundo lile lile likiwa jeusi. Kinachoungua ni karatasi, rangi, na zile konisi za plastiki ama za povu, na huo moshi ndio mbaya kwako na kwa jirani ambaye tayari ana wasiwasi. Moto ukiwa mkali na kuna mbao na makaa ndani, hata sulfa yenyewe inaanza kutoka kama gesi ya kuchoma koo. Wako watu wanaojaribu kuchoma vipande kwenye jiko wasage wapate unga mpya wa plasta, na kweli kiwandani plasta hutengenezwa kwa kuipasha jipsam moto wa nyuzi 120 hadi 180 hivi, lakini ukizidisha unga unakufa haushiki tena, na hapo jikoni hauna namna ya kuudhibiti. Achana nayo.

Watu wa taka walikuwa sawa kukataa, ingawa najua iliudhi. Wao wanabeba taka za jikoni, na hizo nyingi zinaishia Dandora, kwenye rundo ambalo zaidi ya nusu ni vitu vya kuoza. Ukichanganya jipsam humo umetengeneza shimo la choo kubwa, na pembeni kuna Mto Nairobi na watu wanaochakura pale kila siku kutafuta riziki. Miji mingine ilijifunza hili kitambo, eneo la Vancouver huko Kanada lilikataza jipsam kwenye majaa ya taka tangu 1984 kwa sababu ya gesi hiyo hiyo, na Uingereza tangu 2009 hairuhusiwi kuzikwa pamoja na taka za kuoza, lazima itengwe.

Haya, tuje kwa mama. Mama ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ni nzuri. Jipsam hutumika mashambani kweli, inaleta kalsiamu na sulfa, mimea kama vitunguu, kabeji na sukumawiki inapenda sulfa, njugu karanga zinahitaji kalsiamu pale zinapotia maganda. Lakini si chokaa. Chokaa inapunguza asidi ya udongo, jipsam haipunguzi. Udongo wa Limuru, huko kwenye majani chai, huwa na asidi, na kama mama anataka kuituliza asidi hiyo atanunua chokaa ya shamba ama dolomaiti, jipsam haitamsaidia hata akiimwaga gunia kumi. Mahali ambapo jipsam hufanya kazi ya kutengeneza udongo ni kwenye ule mfinyanzi uliojaa chumvi ya sodiamu, maji hayapiti, juu panashika ukoko, hapo kalsiamu inaifukuza sodiamu na udongo unafunguka.

Tena si kila kipande. Zile zilizopakwa rangi, hapana, rangi za zamani zingine zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hutaki hiyo kwa sukumawiki. Bodi za kijani, zile za bafuni, zimewekwa dawa ya kuzuia maji, na za pinki za kuzuia moto huwa na nyuzi za glasi, hizo pia zisiende shamba. Inabaki vile vipande visafi vya bodi za kawaida. Mng'oe karatasi kadiri inavyowezekana, mvitie kwenye gunia na kuvipiga na rungu mpaka viwe unga, huku mmevaa maski, halafu unga utawanywe mwembamba na kuchanganywa na udongo wa juu, usirundikwe kwenye shimo la mbolea lenye maji kwa sababu mtarudi kwa ile harufu. Kiasi ni kidogo kuliko mnavyofikiria. Tuseme ameambiwa tani moja kwa hekta, hiyo ni gramu 100 kwa mita moja ya mraba, kwa hivyo bustani ya mita 20 kwa 25 inakula kilo 50, yaani bodi mbili na nusu tu. Bodi 30 ni kama kilo 600! Sasa unaona venye kumpelekea mama lori zima ni kumhamishia shida. Kabla ya kuweka hata hizo kilo 50 apeleke udongo upimwe, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Kabete wanapima, ndio ajue kama sulfa inahitajika kweli. Ikiwa hataki usumbufu huo basi asiweke, hatakuwa amekosa kitu kikubwa.

Basi inaenda wapi? Nikikuwa mkweli, hapa kwetu mfumo wa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya jipsam peke yake bado haujazoeleka, kwa hivyo itabidi ujipange mwenyewe, lakini njia ziko. Leo kabla ya kitu kingine toa rundo kwa udongo, liweke juu ya mbao ama paleti, ufunike na turubai. Bodi ikilowa inakuwa nzito na unalipia maji kwa gari, na iliyolowa na kuchafuka hakuna anayeitaka. Halafu tenganisha. Zile chaneli za chuma na skrubu weka kando, mtu wa skrapu atakuja mwenyewe na atakulipa. Vipande visafi vikubwa, kuanzia futi mbili hivi, usivitupe, fundi atavitumia kwenye vyumba vilivyobaki, kwa boksi la kufunika mabomba ama ndani ya kabati, na ukiuliza kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu walimu hupenda vipande vya kufundishia vijana kukata na kuziba maungio.

Vile vidogo visafi ndivyo vya kurudishwa kiwandani. Kiwanda cha bodi kinaweza kusaga, kuchuja karatasi, na kurudisha unga kwenye bodi mpya. Viwanda vya simiti navyo hutia jipsam asilimia 3 hadi 5 hivi kwenye simiti wakati wa kusaga, bila hiyo simiti ingeshika haraka kabla fundi hajaimwaga, na wewe uko Donholm, Athi River ambako viwanda hivyo viko si mbali. Ila usinielewe vibaya, kiwanda hakitakufungulia geti kwa gunia sita. Wanataka mzigo mkubwa, msafi, usio na karatasi nyingi wala misumari. Njia inayoweza kufanya kazi ni kumuuliza muuzaji aliyekuuzia bodi mpya kama anarudisha mabaki, ama fundi akusanye ya kazi zake kadhaa yapelekwe pamoja. Piga simu kwanza kabla hujalipia lori la kanta.

Zenye rangi na ukungu, sitakudanganya, hizo kwa sasa ni za kutupwa, na kutupwa kwake ni kwa gari tofauti, zikiwa zimefungwa peke yake bila taka za jikoni. Tafuta mbebaji mwenye leseni ya NEMA ya kusafirisha taka, mwambie akuonyeshe hiyo leseni, muulize anapeleka wapi, na umwombe risiti iliyoandikwa mahali. Sheria ya taka ya 2022 inataka mtu atenganishe taka pale pale zinapotoka, kwa hivyo kutenganisha si ukarimu wako tu. Yule kijana wa mkokoteni atakayekuambia "mama, nipe mia tano nitakutupia" ataenda kuimwaga usiku kando ya barabara ama kwenye ukingo wa Mto Ngong, na kama kwenye gunia kuna karatasi yenye jina lako, ni wewe utatafutwa. Bei rahisi sana kwa kazi hii inapaswa kukushtua.

Kuna wakati usingoje ushauri wa kusoma. Kama kuna vipande fundi ameshatumbukiza kwenye lile shimo bila kukuambia, usimruhusu mtu kushuka kuvitoa, hata kwa dakika moja, hata akiwa amefunga kitambaa puani, funika, weka watoto mbali na uite watu wa kunyonya vyoo wenye vifaa na uwaambie wazi kuna jipsam ndani. Mtu akianguka shimoni piga 999 ama 112, usimfuate. Ukisikia harufu ya yai viza ndani ya nyumba na macho yanawasha, kichwa kinauma, fungua madirisha mtoke nje kwanza ndio mtafute inatoka wapi. Na mtoto akianza kukohoa ama kifua kupiga filimbi tangu dari ishuke, mpeleke kwa daktari na umwambie habari ya ukungu, usimpe tu dawa ya kikohozi ya dukani.

Kwa vile vyumba viwili bado, ongea na fundi kabla hajaagiza bodi. Apime chumba apange bodi kwa urefu wake, vipande vya mwisho vitapungua sana, na aweke gunia moja kavu kwenye kona ya chumba la vipande visafi pekee, vikombe vya chai na maganda ya ndizi viwe na gunia lao. Kama ni mtu wa kununa kwa kuambiwa hivyo, mwambie ni wewe unalipia gari.